Jogoo wa Mgeni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kijiji cha watu wenye adabu, na adabu yenyewe ikawamaliza. Sogeeni motoni. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, kaa mbali na kuni.

Hapo zamani za kale, si za kale sana maana semina zilishakuwepo, kulikuwa na kijiji cha Jumbe Semkiwa. Desturi yao ilikuwa moja: mgeni akija, achinjiwe jogoo mkubwa kuliko wote. Si wa pili, si wa kati, mkubwa kuliko wote! Vilema na wenye vifua kama ukucha waliachwa bandani. Na aliyebaki bandani ndiye aliyepanda mitetea, ndiye aliyeitwa baba.

Mababu wa kuku hao walikuwa wakubwa, paka akikutana nao anatoa shikamoo. Watoto wakatoka kama bata. Wajukuu kama njiwa. Jumbe akasema, "Tumelogwa!" Watu wakaitikia, "Tumelogwa, mzee!"

Akabaki jogoo mmoja tu mwenye umbo la mababu, Songoro. Aliwika alfajiri:
"Kokolikoo! Mkinila mimi, atazaa nani?"
Jumbe akasema, "Sauti nzuri hiyo."
Akawika adhuhuri:
"Kokolikoo! Mkinila mimi, atazaa nani?"
Mpiga ngoma wa Jumbe akasema, "Paja lake ni zuri zaidi."

Basi kijiji kikamwita mtaalamu kutoka mjini, Daktari Mhina, aje kwenye semina iitwayo "Kuku Wetu, Mbona Hivi?" Siku ya kufika kwake, mtetea Chausiku alimkuta Jumbe ananoa kisu.

"Shikamoo Jumbe. Huyo unayemnolea kisu ni baba wa mayai yangu."

"Marahaba. Kwani wanaume wameisha bandani?"

"Yupo nani? Kinyangalika? Jicho moja, mguu upande, anakimbia kivuli chake mwenyewe! Mchinje yeye."

"Toba! Msomi mzima, PhD kabisa, nimpe Kinyangalika? Kesho nitatazamwaje?"

"Na mimi kesho nitaangua nini?"

"Wewe angua tu. Acha siasa."

Songoro akawika mara ya tatu:
"Kokolikoo! Mkinila mimi, ataza—"

Daktari akala. Akala tena. Akaongeza tena. "My God, paja hili!" Akanyonya mfupa, akafuta midomo, akasimama mbele ya wanakijiji.

"Ndugu zangu, solution ni simple sana. Jogoo mkubwa kuliko wote msimle. Mpandisheni kwa mitetea, vifaranga watamfuata baba yao. Hao wadogo ndio mle. Haya, nileteeni huyo mkubwa nimwone."

Mpiga ngoma akatazama sahani. Jumbe akatazama miguu yake.

"Umeshamwona, daktari," Chausiku akasema. "Tena umemrudia mara mbili."

Daktari akakohoa. "Okei. Basi tutumie rasilimali zilizopo."

Rasilimali zilizopo zikaletwa zikichechemea. Kinyangalika akavishwa shada, akaapishwa, akapewa banda lenye bati jipya. Sifa yake? Alikuwepo. Watu wakapiga makofi, na Kinyangalika aliposikia makofi akaingia uvunguni. Chausiku akakaa juu ya mayai yaliyobaki ya Songoro, mdomo umenuna. Jumbe akamwendea kwa upole.

"Mama, naomba hayo mayai. Daktari atataka kifungua kinywa."

Miaka ikapita, wageni wakaja, desturi ikafuatwa. Vifaranga wakawa kama nzige. Siku moja mwewe akapita juu na mwanawe.

"Mama, tushuke?"

"Kwa hao? Nitachoka mabawa bure. Twende tukale panya."

Jumbe aliwaona wakienda zao, akaitisha baraza akitetemeka kwa furaha. "Mmeona? Chini ya uongozi wangu, hata mwewe anatuogopa! Waiteni wageni. Achinjwe jogoo mkubwa kuliko wote!"

Wakamtafuta. Wakapekua majani, wakapekua mabanda, wakapekua hadi jua likazama. Kila walipomkamata mkubwa kuliko wote, wakimsogeza kwenye mwanga, ni panzi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeshiba alale, na mwenye jogoo mkubwa amfiche, maana nasikia kuna semina nyingine.