Mkia wa Kobe na Vijiwe vya Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na baraza, na kura ilipigwa kwa mkia. Ukikubali, unainua. Ukikataa, unashusha. Basi.

Chemchemi ilikuwa moja, imezungushiwa boma la miiba, nayo ilitaka mlinzi. Wanyama wadogo wakamtuma Bi Digidigi barazani.

"Katutafutie mwenye moyo mweupe, atakayetuachia lango wazi."

Digidigi alikuwa na mtoto mchanga, na kiangazi kilikuwa njiani. Akampangia kila mjumbe kibuyu. Ikipigwa kura ya kufungua lango, aliyeinua mkia alitiliwa kijiwe. Zikija kura nyingine, Digidigi alisinzia.

"Hizo hazituhusu," alisema.

Siku ya mwisho akamwaga vibuyu. Koro-koro-koro! Fisi, vijiwe vitano kwa kura tano. Kobe, hata kimoja.

"Kobe huyu huyu, na upole wote ule?" wenzake wakashangaa.

"Mimi sisemi. Vijiwe vinasema."

Fisi akapewa lango. Ndiyo, Fisi. Msinicheke mimi, wachekeni wao.

Kiangazi kikaja. Lango, pa! likafungwa.

"Mzee Fisi, mwanangu ana kiu. Si wewe uliyepiga kura tano za kufungua?"

"Nilipiga, bibie. Na sita za kufunga. Mimi huinua mkia kwa kila kura, nzi wananisumbua. Sasa lango ninalo, nimechagua kufunga."

Digidigi akalia, maskini, hata mimi namhurumia. Akalizunguka boma, mtoto nyuma yake anayumba. Huko nyuma ya boma akasikia kwaru, kwaru, kwaru. Ni Kobe, anachimba tundu chini ya miiba.

"Pita, dada. Mtangulize mtoto."

Wakanywa, wakanywa, wakanywa. Kisha Digidigi akaona haya.

"Kaka Kobe, mbona barazani hukuinua mkia hata mara moja?"

"Niliinua mara zote tano. Ila mkia wenyewe ndio huu."

Akageuka. Kamkia kenyewe hakafiki kidole gumba, na gamba limekafunika. Digidigi akainama, akatazama, akatazama tena.

Baraza lililofuata, aliketi chini kabisa, nyuma ya Kobe. Na hakusinzia.

Basi, wanangu na wakubwa zangu, ukimpima mtu kwa kura zake, usihesabu zile unazozitaka tu. Na usiyemwona, usiseme amekataa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kiu akanywe, ila asipitie langoni kwa Fisi.