Watoto wa Nguchiro Yupi?

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo? Na nyinyi wakubwa mlioegemea ukuta, midomo mnayo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, kabla njia hazijakatwa porini, palikuwa na kichuguu. Kichuguu kikubwa, chekundu, kimepasukapasuka, mchwa wamekwisha kukihama. Humo wakaishi nguchiro. Nguchiro mnawajua? Wale wadogo, mkia mrefu, mgongo una michirizi, hawatulii. Wanakwenda kundi zima, wanarudi kundi zima. Chiri-chiri-chiri! Chiri-chiri-chiri!

Asubuhi wakubwa walikwenda kutafuta jongoo na mayai. Watoto walibaki kichuguuni na mkubwa mmoja wa zamu. Leo huyu, kesho yule. Mtoto akilia njaa, alinyonya kwa mama yeyote aliyekuwa karibu. Hakuna aliyeuliza huyu katoka tumbo gani.

Lakini chini ya kichuguu palikuwa na shimo. Nguchiro hawakulichimba. Mchwa hawakulichimba. Ukitupa jiwe humo, husikii likitua. Na pumzi ilitoka ndani, ya baridi. Fuuu... fuuu... Kama mtu aliyelala.

Jua likisimama utosini, vivuli vikaingia chini ya miguu, ndege wakanyamaza, sauti ilipanda kutoka shimoni.

"Watotooo... Watoto wa naniii?"

Wa zamu alijibu, "Watoto wa nguchiro."

"Nguchiro yupiii?"

"Sisi nguchiro sote. Watoto wetu."

"Mmmh," ikasema sauti. Ikashuka. Ndege wakaanza kulia tena.

Ilikuwa hivyo kila mchana. Nguchiro mmoja, Mwatime, alipokuwa bado kigoli, alimwendea Bibi Nyamvula, mkongwe wa kundi lile.

"Bibi, yule chini ni nani?"

"Sijui, mjukuu wangu."

"Anataka nini?"

"Sijui. Ninalolijua ni jibu. Nimepewa na bibi yangu, nami nimekupa wewe. Usilibadilishe."

Basi Mwatime akakua, akazaa. Alizaa mtoto mmoja tu, mnene, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Akamwita Kidoti. Alimpenda mno! Alimlamba mpaka manyoya yakalala. Jongoo mnono alimwekea Kidoti. Yai la kanga alimpasulia Kidoti. Watoto wengine wakija, aliwasukuma kwa pua.

Na palikuwa na mtoto mwingine, Mbeyu, mwenye mkia mfupi. Mama yake alichukuliwa na tai. Alilelewa na mama wote, lakini zaidi na Mkasi, mama yake mdogo.

Mkasi akasema, "Dada Mwatime, mpe na Mbeyu kidogo. Hajala tangu asubuhi."

"Mbeyu si wangu," akasema Mwatime.

Mkasi akamtazama. Neno lile lilikuwa geni masikioni mwake.

Zamu ya Mwatime ikafika. Wakubwa wakaondoka, chiri-chiri-chiri, wakapotea majanini. Watoto wakacheza mavumbini. Jua likapanda, likapanda, likasimama. Vivuli vikapotea. Ndege, kimya.

"Watotooo... Watoto wa naniii?"

Mwatime alikuwa amemkumbatia Kidoti, anamnusa shingoni. Neno likamtoka.

"Huyu ni wangu!"

Shimo likanyamaza. Halikuwahi kunyamaza hivyo. Hata ile pumzi, fuuu, ilikatika.

"Wakooo," ikasema sauti. "Na hao wengine?"

"Wana mama zao."

"Yule mwenye mkia mfupi... mama yake yuko wapi?"

Mwatime akamkaza Kidoti kifuani. "Yule... yule hana mtu."

"Hana mtu," ikasema sauti, polepole, kama anayeonja kitu ulimini. "Haaana... mtuuu."

Vumbi likainuka. Fwiii! Mwatime akafumba macho, akamlalia Kidoti. Alipofumbua, watoto walikuwa wamejikunyata kwenye ukuta wa kichuguu. Mbeyu hayupo. Nyayo zake zilikwenda hadi mdomoni mwa shimo. Hazikuwa nyayo za mtoto aliyeburutwa. Hazikuwa za mtoto aliyekimbia. Zilikuwa nyayo ndogondogo zilizopangika, kama za mtoto aliyeitwa na mama yake.

Wakubwa wakarudi. Mkasi akanusa watoto, mmoja mmoja.

"Mbeyu yuko wapi?"

"Labda mwewe," akasema Mwatime. Macho yake chini.

Usiku ule Mkasi hakula.

Siku ya pili hakuna aliyetoka. Walikaa wote kichuguuni, wamebanana. Jua likasimama. Ndege, kimya. Na sauti ikapanda. Lakini sasa haikuwa nzito. Ilikuwa nyembamba, ya kitoto.

"Watoto wa nani?"

Ilikuwa sauti ya Mbeyu.

Mkasi akaruka kuliendea shimo. Bibi Nyamvula akamkamata mkia kwa meno, akamrudisha. Kisha bibi mwenyewe akajibu, "Watoto wa nguchiro. Sisi sote. Watoto wetu!"

"Jana niliambiwa vingine," ikasema sauti ile ya Mbeyu. "Niliambiwa mmoja ana mtu na mmoja hana. Nani aliyenidanganya? Nyinyi, au yeye?"

Wote wakageuka. Mwatime alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, ka-ka-ka-ka.

"Umesema nini jana?" akauliza Bibi Nyamvula.

"Nilisema... nilisema Kidoti ni wangu."

"Na Mbeyu?"

Mwatime akaanza kulia.

Basi, wenzangu, hofu ikawaingia. Mama mmoja akamkwapua mwanawe. "Huyu wangu!" Wa pili akamkwapua wake. "Na huyu wangu!" Wangu! Wangu! Wangu! Na kila "wangu" iliposemwa, udongo ulimomonyoka mdomoni mwa shimo. Kru-kru-kru. Shimo likapanuka. Kru-kru-kru. Likafika walipokaa watoto.

"Nyamazeni!" akapiga kelele Bibi Nyamvula. "Mnamlisha!"

Wakanyamaza. Katika kimya kile sauti ikauliza, taratibu kabisa:

"Na huyu mwenye doa ni wa nani?"

Mwatime akafungua mdomo. Akaufunga. Akisema wangu, shimo linapanuka. Asiposema, mwanawe hana mtu. Na lile jibu la zamani, ambalo mmoja alilisema kwa niaba ya wote, sasa hawezi kulisema peke yake, maana kila mmoja ameshasema "wangu". Neno "wetu" mtu hulisemaje peke yake?

Akawageukia wenzake. "Ndugu zangu. Nimekosa. Nimempoteza mtoto, nikawadanganya. Nichukieni mimi. Lakini msemeeni huyu."

Hakuna aliyejibu. Walimtazama tu.

Kidoti akasimama. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayaoni. Akaanza kutembea kuelekea shimoni, hatua ndogondogo, zilizopangika. Mwatime akamrukia, lakini mikono yake ilimpita kana kwamba ameshika moshi. Akalia, "Mkasi! Mkasi, dada yangu!"

Mkasi alikuwa amesimama ukingoni. Mtoto wa dada yake amemezwa humo. Mtoto wa aliyempoteza anapita mbele ya pua yake. Alikuwa na uwezo wa kumwacha apite tu. Alisimama. Kidoti akainua mguu juu ya giza.

Mkasi akamkamata shingoni. Mikono yake ikashika nyama, si moshi.

"Wetu!" akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka kwa hasira. "Huyu ni wetu. Na yule uliye naye huko chini ni wetu. Mtoto wa dada yangu, mtoto wa Mwatime, mtoto wa bibi. Watoto wa nguchiro!"

"Nguchiro yupi?" ikauliza sauti. Safari hii iliuliza haraka haraka.

"Sote!" akasema Bibi Nyamvula.

"Sote!" wakasema mama. "Sote!" wakasema madume. "Sote!" wakasema watoto wenyewe. "Wetu! Wetu! Wetu!"

Shimo likavuta pumzi ndefu. Fuuuuu... Udongo ukabomoka kuingia ndani, gubu! gubu! na vumbi likafunika kila kitu. Lilipotulia, shimo halikuwapo. Palikuwa na udongo mbichi, na juu ya udongo amelala Mbeyu.

Alikuwa hai. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Walimwuliza ameona nini, hakusema. Hakusema siku ile, hakusema alipokuwa mkubwa. Walimlaza katikati, wakamzunguka kwa matumbo yao, wakipokezana. Wa kwanza kumlalia alikuwa Mwatime, na hakuna aliyemwondoa.

Basi, wasikilizaji, shikeni hili. Mtoto usimwache bila wa kumsemea. Ukisema "wangu" kwa kiburi, umewaacha wengine bila mtu, na siku mwanao akihitaji wa kumsemea, utawatafuta hao hao uliowaacha. Jifunzeni kusema "wetu", na mkilisema, liwe kweli.

Hadithi yangu nimeifikisha hapa, naitua. Mwenye kuibeba na aibebe.