Majoho Saba ya Mwewe

Hadithi!
— Njoo!
Ije na nini?
— Ije na mawe!

Haya, funikeni vichwa. Nyinyi mvua ya mawe mnaijua ikishavunja mahindi. Mimi nitawaambia inakotoka, na darasa la nne sikulimaliza. Chekeni tu.

Palikuwa na Kware, ndege mdogo wa kutaga chini, katikati ya mahindi. Alikuwa na vifaranga saba. Kila siku Mwewe anashuka, vuup! mmoja. Vuup! mmoja. Vuup! mmoja. Akabaki kitindamimba peke yake.

Siku ya saba mbingu nyeusi, radi zinanguruma. Mwewe akatua.

"We mama, lete."

"Mchukue tu, Mzee. Ila mimi naona aibu. Mtawala mzima, uchi! Mle kwenye wingu la radi Upepo anagawa majoho meupe, yanang'aa kama kioo."

"Siku zote hukuniambia?"

"Ulikuwa unatafuna, Mzee. Basi usije ukavaa moja. Wakubwa huvaa saba."

Mwewe akapaa. Wingu lile, chini lina maji, juu lina baridi ya kuua. Akalowa chapachapa. Upepo akampandisha, vuuu! Maji yakaganda, ka-ka-ka! Joho la kwanza.

Akaporomoka kidogo, akalowa chapachapa. Upepo akampandisha, vuuu! Yakaganda, ka-ka-ka! La pili.

"Umetosheka?" Upepo akauliza.

"Bado!"

Vuuu! Ka-ka-ka! La tatu. La nne. La tano. Mabawa hayakunjuki tena.

"Umetosheka?"

"Bado!" Kasauti kadogo, ndani ya barafu.

Kwenye la saba Upepo akachoka. "Mzito wewe," akasema, akamwachia.

Puu!

Akapasuka kama kitunguu, ganda juu ya ganda. Katikati, mdomo wazi.

Kware akacheka. Alicheka mapema. Kule juu matone ya mvua yalikuwa yanamtazama Mwewe. "Na sisi majoho! Na sisi!" Vuuu! Ka-ka-ka! Maelfu. Upepo akayaachia yote.

Kware akakimbia, akamlalia kitindamimba wake.

"Mama, nini hicho?"

"Lala."

Pa!

"Mama, unaumia?"

"Lala."

Pa! Pa!

"Mama?"

Pa!

Jua lilipotoka, mahindi yote yamelala. Kifaranga akajichomoa chini ya mwili wa baridi, mgongoni ana madoa meupe, pale baridi ya mawe ilipompenyea. Kware wote wanayo mpaka leo.

Funzo: mkubwa akimtaka mwanao, mpe, na chumvi umwongezee. Hila zinaharibu mahindi ya watu.

Hadithi yangu imeyeyuka. Aliyelowa ajianike.