Shamba Lenye Njaa

Kunjeni miguu, wanangu, maana shamba la hadithi hii linakula watu.

Bi Mishi hakutaka kunuka samadi, akarutubisha mahindi yake kwa unga mweupe aliopewa na zimwi. Yakaota siku hiyohiyo. Jioni udongo ukaita, "Mishi, nina njaa." Akamwaga unga. Ukaita tena, "Mishi, nina njaa." Akamwaga unga. Mara ya tatu haukuita. Ukamshika miguu, ukamvuta hadi kiunoni.

Bintiye Saumu, aliyefundishwa kulima na bibi yake, akaja mbio na kikapu cha samadi, akakimwaga.

"Kula, shamba letu, umwache mama."

Udongo ukatafuna polepole, ukamwachia.

Nanyi, nani amelisha shamba leo? Mbona kimya? Basi sikilizeni chini ya mkeka.