Sekela na Somo la Nne

Sogeeni hapa karibu, na aliyekuja kusinzia arudi akalale kwao. Hadithi hii haitaki watu wa kutikisa kichwa tu. Mwishoni nitauliza swali, na nitakayemwona anatazama chini ndiye nitakayeanza naye.

Palikuwa na shule ya bweni ya wasichana, juu kabisa kwenye vilima vya baridi, ambako ukinawa uso asubuhi vidole vinakufa ganzi. Jina la shule silitaji, msinisumbue. Katika shule hiyo walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Nakijwa, msichana wa kidato cha tano, alikuwa na ulimi. Akianza kujenga hoja, unajikuta umekubali kabla hujajua umekubali nini. Hakumaliza hata muhula mmoja wakamfanya dada mkuu.

Nyamizi, wa kidato hichohicho, alikuwa na sikio. Somo akilisikia mara moja limeingia, halitoki tena. Maneno, mifano, hata kikohozi cha mwalimu, atakukoholea palepale kilipokuwa.

Mama Ndelwa, mhudumu wa ofisi, alikuwa na mkono. Ndiye aliyepiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuikosea hata kwa dakika. Watu wa kijiji cha bondeni walirekebisha saa zao kwa kumsikiliza yeye.

Halafu yuko Sekela. Huyo kipaji chake walimu walikiita ukaidi. Mimi naona walikosa jina lingine.

Sasa sikilizeni. Shule ile ilikuwa na sheria yake: ukifika kidato cha tano, unachukua masomo matatu. Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa wanaotaka udaktari. Fizikia, Kemia na Hisabati kwa wanaotaka mitambo. Siku ya kujaza fomu kila msichana alijaza visanduku vyake vitatu akarudi kukaa. Sekela naye akajaza vitatu, Fizikia, Kemia, Baiolojia. Kisha akachukua rula, akachora cha nne, akaandika ndani yake: Hisabati.

Mkuu wa shule, Mwalimu Kihwele, akamwita ofisini.

"Hiki ni nini?"

"Kisanduku, Mwalimu."

"Fomu ina visanduku vitatu."

"Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana hicho nimekichora mwenyewe."

"Utafuta."

"Sifuti, Mwalimu. Samahani."

Msidhani ni jeuri ya kitoto. Mwaka uliotangulia dada yake Sekela alijifungua mtoto mwenye shida ya kupumua. Mashine ya kumsaidia ilikuwapo, ila iliharibika usiku wa kuamkia siku hiyo. Daktari aliujua mwili wa mtoto, mashine hakuijua. Akaitwa fundi. Fundi aliijua mashine, lakini hakujua kichanga anahitaji hewa kiasi gani, akaogopa kuigusa. Wakabaki wanatazamana wale wawili, na mtoto akaondoka. Sekela alikuwa amesimama mlangoni. Aliumia, akakasirika, na hasira ile hakuitua popote. Akajiapiza kwamba atakuwa mtu anayejua vyote viwili, mwili na mashine. Akauliza, akaambiwa kwamba huko hakufikiki bila Baiolojia na hakufikiki bila Hisabati. Basi nyie mlitaka afute lipi?

Mwalimu Kihwele hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Aliwahi kumwona msichana mwenye akili akabeba masomo manne akaanguka yote manne, akarudi kwao kuchunga. Aliogopa kuliona tena jambo lile. Ila hofu yake aliigeuza sheria, na sheria akaigeuza ukuta. Akampa Sekela wiki moja afute, la sivyo afungashe.

Hapo ndipo ulimi wa Nakijwa ulipofanya kazi. Ijumaa ile shule ilipata mgeni kutoka ofisi ya elimu. Wasichana wote mstarini, walimu mbele, mgeni katikati. Dada mkuu akapewa nafasi ya kumshukuru mgeni. Nakijwa akashukuru vizuri sana, kisha akasema, "Mgeni wetu, tuna furaha moja zaidi. Mkuu wetu wa shule amekubali kumjaribu mwenzetu kwa masomo manne. Tunampongeza kwa moyo wake mkubwa." Mgeni akapiga makofi. Mstari mzima ukapiga makofi. Mwalimu Kihwele angefanya nini? Akatabasamu kwa meno tu, akatangaza masharti palepale: Sekela atajaribiwa hadi mtihani wa kumaliza mwaka, akifaulu yote manne atasajiliwa manne, akikosa hata moja, hata kwa kutofika, Hisabati kwaheri. Na ratiba haitaguswa kwa ajili ya mtu mmoja. Jioni ileile Nakijwa akavuliwa udada mkuu.

Kisha sikio la Nyamizi. Ratiba isiyoguswa ilikuwa hivi: Hisabati na Baiolojia zilifundishwa saa ileile, vyumba viwili tofauti, Jumanne na Alhamisi. Sekela ana miguu miwili lakini mwili mmoja. Akakaa Hisabati. Nyamizi akakaa Baiolojia, kalamu chini, masikio wazi. Jioni wakikutana kwenye makaro ya kufulia, Sekela anafua nguo za wote wawili, Nyamizi anasimulia: moyo una vyumba vingapi, damu inaingilia wapi, mwalimu alikohoa, Atuganile akauliza swali la kijinga, mwalimu akajibu hivi. Hakuruka kitu. Saa zile wenzake walikuwa wakijisomea masomo yao yote, yeye anarudia somo moja kwa ajili ya mtu mwingine. Alifanya hivyo mwaka wa kwanza, akafanya na wa pili.

Kisha mkono wa Mama Ndelwa. Ulipofika mtihani wa kumaliza mwaka ule wa kwanza, ratiba ikabandikwa ukutani. Hisabati, saa mbili hadi saa tano, bwaloni. Baiolojia, saa nne na nusu, maabara. Lo! Nusu saa inagongana. Na sheria ya shule ilikuwa kwamba kengele ikilia na hujakaa kwenye kiti, karatasi hupewi. Kama ilikuwa bahati mbaya au makusudi mimi sijui, sikuwapo ilipoandikwa. Ila nina mawazo yangu.

Saa nne na nusu ikafika. Kimya. Wasichana maabara wamekaa, wanasikiliza. Kimya. Mwalimu Kihwele akatoka ofisini anakaribia kukimbia.

"Mama Ndelwa! Saa!"

"Naiona, Mwalimu."

"Sasa mbona hupigi?"

Mama Ndelwa alikuwa ameketi chini ya rimu yake, chuma cha kugongea amekikalia, kitenge juu yake. "Miaka kumi na tisa nimekupigia, Mwalimu. Jua, mvua, hata siku ya msiba wa mume wangu nilipiga ya asubuhi ndipo nikaenda kulia. Leo mkono umekataa."

"Nipe hicho chuma!"

"Njoo uninyanyue, kipo hapa."

Wasichana waliokuwa karibu na dirisha walisikia kila kitu, wakabana vicheko. Mwalimu Kihwele hakumnyanyua. Saa tano kamili Sekela akatoka bwaloni mbio, akaingia maabara, akaketi. Ndipo Mama Ndelwa akasimama, akapiga kengele ile mpaka ndege wakahama miti. Alfajiri ya siku ya pili alipewa barua ya kufukuzwa kazi, na nyumba ya shule aliyoishi akatakiwa kuiacha kabla ya jioni.

Sekela akafaulu yote manne. Akasajiliwa manne. Mwaka uliofuata akafanya mtihani wa taifa, na matokeo yalipotoka shule nzima ililia kwa furaha. Alama za juu kabisa, masomo yote manne. Nafasi ya chuo aliyoitaka akaipata. Simu zikawa haziishi kumpongeza Mwalimu Kihwele, na juu ya hayo akapandishwa cheo, anahamia wilaya nyingine.

Na wale watatu? Nakijwa alifaulu vizuri, lakini cheti chake cha tabia kiliandikwa "mkaidi, hafai kuaminiwa," na chuo alichoomba kimesema bila cheti safi asijisumbue. Nyamizi alama zake hazikufika. Pungufu kidogo tu, lakini hazikufika, na anachohitaji ni kurudishwa darasani mwaka mmoja arudie mtihani. Mama Ndelwa yuko kwenye chumba cha nyuma kwa mdogo wake, analima vibarua na mgongo unamuuma.

Siku ya kuondoka, Mwalimu Kihwele akamwita Sekela. Mezani palikuwa na barua tatu zilizopigwa chapa tayari. Moja ya kumsafisha Nakijwa. Moja ya kumrudisha Nyamizi darasani. Moja ya kumrudisha Mama Ndelwa kazini na nyumbani kwake. Zote hazina sahihi.

"Umenishinda, Sekela. Nasema wazi. Chagua moja, nitatia sahihi."

"Kwa nini moja, Mwalimu?"

"Kwa sababu nikitia sahihi zote, nimekiri kwamba nilikosea mara tatu. Mara moja naweza kukubali. Mara tatu, mwanangu, siwezi. Na anayekuja nyuma yangu hawajui hawa, hataligusa jambo hili. Gari linaondoka saa nane."

Sekela akabeba barua zote tatu akatoka nje. Wale watatu walikuwa kwenye benchi, wamekuja kumpongeza. Akawaeleza. Kama mnangoja mmoja wao aseme "mpe mwenzangu," mtangoja sana.

"Mimi ndiye niliyekufungulia mlango," Nakijwa akasema. "Ningenyamaza siku ile, ungekuwa umefungasha kabla ya Jumatatu."

"Na ungeingia na nini kichwani?" Nyamizi akadakia. "Baiolojia yote uliyoandika imetoka mdomoni mwangu. Hata siku nina homa nilikusimulia huku natetemeka."

"Wanangu," Mama Ndelwa akasema, "mlango mlifungua na somo mlimpa. Karatasi je? Nani alimpa karatasi? Nyie bado wadogo, mtajaribu na kwingine. Mimi wa kunichukua ni nani?"

"Mama, shikamoo yako nilikupa asubuhi," Nakijwa akajibu, "lakini umri usituletee hapa."

"Nakijwa, wewe ulisema siku moja tu," Nyamizi akasema. "Mama alinyamaza nusu saa. Mimi nimesema miaka miwili!"

"Siku yangu moja imenifungia chuo!"

"Na nusu saa yangu imekula miaka kumi na tisa," Mama Ndelwa akasema.

Sekela akaanza kulia. Hakulia kwa huruma, alilia kwa hasira, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasema kweli tupu. Akarudi ofisini akaziweka barua mezani kwa kishindo.

"Zote tatu, Mwalimu."

"Nimesema moja."

"Uliniambia hivyohivyo kuhusu masomo, ukakosea."

"Nilikosea. Ndiyo maana leo nakupa moja."

"Hunipi. Unawarudishia watu vyao."

"Sekela, sikiliza. Ukisema tatu tena, nazichana zote mbele yako. Na unajua nitazichana."

Sekela akamtazama machoni, akajua kwamba atazichana kweli. Nje dereva akapiga honi mara mbili. Mwalimu Kihwele akafungua kalamu.

Mimi nafika hapo tu. Hapana, usininyooshee kidole wewe, najua unachotaka kusema: Sekela akatae, atoke kichwa juu. Sawa, atoke. Halafu pale kwenye benchi awaambie nini, kwamba kichwa chake kiko juu? Na wewe unayesema ampe Mama Ndelwa kwa kuwa ni mtu mzima, mgeukie Nyamizi umwambie hayo mwenyewe. Na wewe unayesema Nakijwa ndiye aliyeanza, ulipe ulimi wa siku moja uache masikio ya miaka miwili? Na anayesema Nyamizi, amtafutie Mama Ndelwa pa kulala leo.

Wala msimlaumu Mwalimu Kihwele mkadhani mmejibu. Lawama nimekwisha kumpa mimi, na barua bado hazina sahihi.

Haya, dereva amepiga honi ya tatu. Kiti cha Sekela ni chako sasa, na macho ya wale watatu wa kwenye benchi yako mlangoni. Je, wewe ungesogeza barua ipi, na ukitoka nje ungeanza kumtazama nani usoni?