Misigalo Aitwa Mazishini

Kabla miaka haijapewa namba, wajukuu zangu, nchi ilipokuwa haitulii, palikuwa na boma juu ya kilima, nalo liliitwa Ihalula. Si Ihalula ya sasa yenye soko. Bondeni palikuwa na kijiji cha Mwansele. Watu wa Mwansele na watu wa Ihalula walikuwa watani: walitukanana bila kugombana, tena mmoja akifa, mtani ndiye aliyemchimbia kaburi. Akiitwa haketi tena. Hata mtemi hawezi kumzuia.

Wakaja nzige, wakala mashamba. Baada ya nzige wakaja watu wa mikuki, wakaichoma Mwansele. Mnanisikia? Wakaichoma.

Kesho yake, jua la utosini, msichana akabisha langoni mwa Ihalula.

"Nani?" akauliza mlinzi, Misigalo mwana wa Lugwisha. Mfua vyuma naye aliitwa Misigalo, lakini simsemi huyo.

"Nyanzobe binti Kasogela, wa Mwansele. Nina watoto watano. Fungua, babu."

"Mtemi amekataza. Lango halifunguliwi mpaka vumbi lile la wenye mikuki litulie. Nendeni msituni."

Nyanzobe akageuka. Vumbi lilikuwa linakuja, linakuja.

"Msituni kuna fisi."

"Na humu kuna njaa."

Watoto wakaanza kulia. Nyanzobe akapandisha sauti:

"Ama kweli, Misigalo! Uso kama mtungi ulioungua upande mmoja! Wamekuweka langoni ili adui akikuona akimbie mwenyewe?"

Ndani watu wakacheka, ingawa walikuwa na hofu. Misigalo naye, kwa mazoea, akarudisha:

"Na wewe, domo kama kinu! Kamwite mama yako aje alifunge!"

Nyanzobe akasogea hadi kwenye miiba ya lango.

"Mama yangu yuko nyuma ya kichuguu, njia ya kisimani," akasema Nyanzobe. "Nimemfunika majani. Nimekuja kumwita mtani wake amzike. Si wewe?"

Vumbi linakuja, wajukuu zangu, linakuja.

Misigalo akachukua jembe. Akaanza kuondoa miiba ya lango.

"Misigalo!" akapiga kelele mtemi. "Una wazimu? Huoni vumbi?"

"Naliona, mtemi. Nimeitwa mazishini."

Lango likafunguka. Yeye akitoka, watoto wakaingia wakipita chini ya mkono wake, mmoja mmoja. Nyanzobe akataka kumfuata.

"Kichuguu nakijua," akamwambia. "Wewe kaa na wadogo zako. Holo mke wangu atawapikia mlenda. Hajui kupika, lakini mtavumilia."

Akarudisha miiba kwa nje, kwa mikono yake. Akaenda.

Vumbi likafika, likazunguka boma hadi jioni, likapita. Wengine husema Misigalo alirudi alfajiri, jembe begani. Babu yangu alisema hakurudi. Mimi sijui, na nisilolijua silisemi. Kaburi ndilo lililoonekana, limechimbwa vizuri.

Watoto wale watano na Nyanzobe, wote sita, walilelewa na Holo, nyumba moja, hawakugawanywa. Nyanzobe alizeeka bila kuketi akilipa lango kisogo.

Basi, mtoto aliyekimbia vita akibisha kwenu, msimuulize amri inasemaje. Muulizeni amemwacha nani nyuma, kisha fungueni.

Kisa nimekitua. Mwenye mabega na akibebe.