Nyati Alivyoshuka Kubeba Abiria

Nikigonga, mtanifungulia?
Tutakufungulia.
Sikuja mikono mitupu.
Umekuja na nini?
Na ngano, tena ina usingizi.
Iingize, tukae nayo.

Basi, katika mbuga moja ambako ukungu ulikuwa hauondoki mpaka jua lichoke kuusubiri, aliishi Digidigi. Mwili mdogo, miguu kama njiti, lakini mbio anazo. Kazi yake kubeba abiria. Chura akienda ukweni, Digidigi humbeba. Kobe akichelewa harusini, Digidigi humbeba.

Ila abiria hawakumwita yeye. Walimwita Nyati, mwenye ngoma kilimani. Nyati akipata habari kuna abiria, hupiga ngoma kwa kwato, gudu, gudu-gudu, akatangaza abiria yuko wapi, na mbebaji aliye karibu hukimbilia. Nauli ilikuwa masuke matano ya mtama. Mwanzoni Nyati alichukua moja. Masika yakapita, akachukua mawili. Vuli ikapita, akachukua matatu.

Digidigi akakimbia. Asubuhi alikimbia, ukungu ukimlamba masikio. Mchana alikimbia, mazigazi yakimchezea mbele kama maji. Mara nyingine alisinzia huku anakwenda, tiki-tiki-tiki, akaota ghala lake limejaa mtama hadi mlangoni. Akizinduka, abiria ameshashuka, na mbele yake pana masuke mawili. Moja alilila apate nguvu ya kurudi. La pili alimpa Nungunungu, fundi wa kutibu kwato zilizopasuka. Ghala likabaki na vumbi. Na kiangazi kilikuwa kinakuja. Mto ulishaanza kuonyesha mawe yake.

Siku moja ngoma ikalia, Digidigi asiende kwa abiria. Akapanda kilimani.

"Shikamoo, mzee Nyati."

"Marahaba. Mbona umeacha njia?"

"Nina swali, mzee. Kazi hii bado inalipa?"

Nyati alikuwa anatafuna. Kitambi chake kiligusa nyasi. "Inalipa sana," alisema. "Hebu nitazame mimi."

Digidigi akamtazama. Akamtazama kwa muda mrefu, mpaka wazo likamjia taratibu, kama mtu anayetoka ukunguni. Kisha akasema kwa upole, "Ndiyo maana nakuonea huruma."

"Huruma ya nini?"

"Kila safari tunaondoka na masuke yako mawili. Na wewe una mgongo mpana kama uwanja. Ungebeba mwenyewe, yote matano yangekuwa yako."

Nyati akaacha kutafuna. Mawili, kila safari? Moyo ukamuuma kama wa aliyeibiwa.

"Na ngoma ataipiga nani?"

"Nitakupigia mimi, kwa kanuni yako ile ile."

"Kanuni ni kanuni," alisema Nyati, na alikuwa ameshaanza kuteremka.

Gudu, gudu-gudu. Kiboko yuko bwawani, anakwenda mwisho wa mbuga. Nyati akambeba, hema-hema-hema, akalipwa matano, akarudi nayo kilimani. Digidigi akavuta matatu pembeni.

"Hayo ya nani?"

"Ya mpiga ngoma, mzee. Kanuni yako."

Nyati alitaka kukasirika. Akayatazama mawili yaliyobaki, akajiambia, safari moja tena, nitafidia.

Gudu, gudu-gudu. Kifaru anahama na mkewe. Hema-hema-hema. Yakabaki mawili: moja la kula, moja la Nungunungu. Safari moja tena.

Gudu, gudu-gudu. Tembo amechoka kutembea. Safari moja tena.

Siku ya nne Nyati hakujua tena kama yuko macho au anaota. Mbele aliona ziwa la mtama likimeremeta. Akalifuata, likarudi nyuma. Akalifuata, likarudi nyuma. Miguu ikakataa. Akalala katikati ya njia, ngoma ikimjia kutoka mbali kama mvua ya nchi nyingine. Akalala siku saba.

Digidigi akawaita wabebaji wote, Swala na Punda na wengineo, wakagawana ule mtama wa kilimani. Kisha akaitoboa ngoma kwa pembe, pwaa. Tangu siku hiyo Chura akitaka safari humfuata Digidigi nyumbani, humwita kwa jina, humpa masuke yake matano, na jua likiwa bado juu Digidigi yuko ghalani kwake, anapanga mtama. Kiangazi kikaja, kikamkuta ameshiba.

Nyati naye alipoamka, alirudi kula majani kama baba zake. Lakini mpaka leo, radi ikinguruma mbali, huinua kichwa na kuanza kwenda. Anadhani ameitwa.

Mafunzo yake, jamaa zangu, ni haya: msiwaonee kijicho wenye ngoma, wanabeba mzigo mzito. Na kazi ya kubeba abiria inalipa sana, mradi tu usiifanye wewe.

Ngano yangu imelala.
Nasi tuipishe, ilale.